Wananiita Madam Miguu

Makocha wa netiboli wa shule za msingi huku Uyui, mkoani Tabora, wananiita Madam Miguu, wengine kwa utani, wengine wakiwa wamekunja sura. Jina lilianza na mwalimu mmoja wa michezo ambaye timu yake nilikuwa naipuliza kosa la hatua kila inapokuja upande wangu. Alipochoka akapaza sauti uwanja mzima usikie: "Huyu madam haangalii mpira, anaangalia miguu ya watoto!" Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuona tusi lolote pale. Mpira unaangaliwa na kijiji kizima. Miguu ina mwangalizi mmoja, naye ndiye aliyepewa filimbi.

Nachezesha netiboli ya watoto, mechi za kata na za wilaya, na kila msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ugomvi ni uleule. Si kugongana wala kusukumana, hayo kila mtu anayaona na ni mara chache watu wakabishana. Ugomvi ni kosa dogo la miguu ambalo refa mmoja analiacha na mwingine analipuliza, na katikati yao kuna mtoto wa miaka 12 asiyejua amfuate nani.

Kanuni yenyewe haina makubwa. Ukidaka mpira hewani ukatua kwa mguu mmoja, huo ndio mguu wako wa kutua. Ule mwingine unaweza kuupeleka unakotaka, hata ukauzungusha mara kadhaa huku umeegemea wa kwanza. Mguu wa kutua nao unaruhusiwa kuuinua, ila mpira uwe umeshatoka mkononi kabla mguu huo haujagusa chini tena. Kuuburuza ni kosa. Kurukaruka juu ya huohuo mmoja ni kosa. Ukitua kwa miguu miwili kwa pamoja, unachagua mmoja uusogeze, na kuanzia hapo uliobaki ndio unaohesabiwa wa kutua. Na mpira usikae mkononi zaidi ya sekunde 3. Ukikosea, wapinzani wanapewa pasi huru palepale. Hakuna kadi, hakuna kusimamishwa pembeni, mpira unageuka tu na mchezo unaendelea. Nadhani ndiyo maana watu wengi wanalidharau kosa hili, makocha wakiwemo.

Watoto wetu wanatoka kwenye rede. Mabinti wawili wanarusha mpira wa makaratasi na soksi, mmoja yuko kati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na ukimwangalia aliyezoea rede utaona macho makali, mgongo mwepesi na mikono inayodaka chochote. Kila kitu anachohitaji mchezaji wa netiboli anacho, isipokuwa miguu yenye adabu. Kwenye rede miguu iko huru. Halafu anakuja mwezi wa tano, anavalishwa kifulana chenye herufi za nafasi yake, GA ambaye ni mshambuliaji anayefunga, au WD ambaye ni beki wa pembeni, na kiwanja chenye mistari ya majivu kinachorwa asubuhi ya mechi. Mwaka mzima uliotangulia mistari hiyo haikuwepo, na pengine hata aliyemfundisha kurusha hakuwahi kumwambia kwamba mguu wa kwanza kugusa chini una sheria yake. Kwa hiyo mtoto anapovuta mguu hafanyi ujanja. Wajanja nitawataja baadaye, nao ni watu wazima.

Huku kwetu mvua zikishakata, udongo wa viwanja vya shule unakuwa vumbi laini lenye rangi ya kutu, na vumbi hilo ni msaidizi wangu mkubwa. Mtoto akivuta mguu wa kutua, chini kunabaki mfereji mwembamba unaoishia kwenye alama ya vidole vitano, maana wengi wanacheza peku. Akiutua vizuri na kuuzungukia, kunabaki shimo la duara dogo mahali pamoja. Simaanishi kwamba nasimamisha mchezo nikainama kusoma ardhi, muda huo sina. Lakini kwenye mapumziko nikipita pembeni mwa duara la kufungia naona kama macho yangu yalikuwa sawa. Kuna kocha alinifuata kubisha, nikamwonyesha mfereji. Akaufuta kwa soli ya kiatu, taratibu kabisa, akasema, "Madam, mimi sioni kitu hapo."

Sasa niseme habari ya mechi ambayo bado watu wananiuliza.

Zilikuwa kata mbili, kwenye shule iliyo kando ya reli, mahali ambapo treni ya mizigo ikipita mechi inabidi isimame kwa sababu filimbi haisikiki. Kwa asiyefahamu, mashindano ya UMITASHUMTA hayaishii kwa shule kuchukua kikombe. Kata inachagua watoto bora kutoka shule zake, wilaya inachagua kutoka kata, mkoa kutoka wilaya, mpaka taifa. Kwa hiyo mtoto anacheza na timu yake, lakini pia anachezea nafasi yake mwenyewe ya kuingia kambini. Siku hiyo wateuzi wa wilaya walikuwa wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa darasani, madaftari mapajani.

Kata moja ilikuwa na GA wa darasa la sita, binti mwembamba, mwepesi wa kujificha nyuma ya beki na kuibukia upande mwingine. Shabaha yake nzuri. Tatizo lilikuwa moja: akidaka mpira ukingoni mwa duara alitua kwa mguu wa kushoto, akapeleka wa kulia mbele, kisha wa kushoto ukamfuata, kidogo tu, nusu futi hivi, na alipoinua mikono kutupia alikuwa ameshajisogeza karibu zaidi na goli na kusimama wima kabisa.

Netiboli ina waamuzi wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja, na timu zinabadilishana magoli kila robo inapokwisha. Robo ya kwanza yule binti alikuwa anashambulia kwenye nusu ya mwenzangu. Alifunga alivyotaka, mguu unavutwa kila mara, filimbi kimya. Robo ya pili wakahamia kwangu. Mpira wake wa kwanza nikapuliza hatua. Wa pili, hatua. Wa tatu alisita, akautoa kwa GS, mfungaji mwenzake, bila hata kulitazama goli. Tulipopumzika akanifuata nilipokuwa nafunga kamba za viatu, akasimama mikono nyuma jinsi wanavyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba."

"Madam, mbona kule naruhusiwa?"

Nikainuka nikamwonyesha: tua hivi, huu uache, huu peleka, tupa. Akaitikia kwa kichwa, akajaribu mara moja bila mpira, akapatia. Kisha robo ya tatu akarudi kule kwa mwenzangu, na akafanya ambacho mtoto yeyote mwenye akili angefanya: akarudia mchezo wake wa mwanzo, kwa kuwa kule ulikuwa unalipa. Na robo ya nne, timu zimelingana, wateuzi wamesimama, wanafunzi wa shule mwenyeji wamesogea mpaka juu ya mistari, akadaka mpira mzuri sana ukingoni mwa duara upande wangu. Akavuta mguu. Nikapuliza.

Pasi huru ikatolewa upesi, senta wao akaukimbilia, mpira ukavuka uwanja kwa pasi tatu, goli. Mechi ikaishia hapo, tofauti ya goli moja.

Kelele zilizofuata sitazieleza zote. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake alisema kwa sauti, "Mechi nzima hakuna hatua, dakika ya mwisho hatua imetoka wapi? Amenunuliwa huyo!" Ama robo ya pili hakuwepo, au alishaisahau. Lakini ukiondoa hasira na lile neno la kununuliwa, swali lake lilikuwa ndilo lile la mtoto. Mama mmoja muuza karanga, mtu mzima, akaniambia kwa upole uliouma kuliko kelele: "Mwanangu, ungemwachia tu." Jina la yule binti halikuwemo kwenye orodha ya wilaya.

Kwa kanuni nilikuwa sahihi, na mpira uleule leo ningeupuliza tena. Lakini nimekaa na jambo hili, na ninavyoona mimi, aliyemnyima yule mtoto haki si filimbi iliyolia robo ya nne. Ni ile ambayo haikulia robo ya kwanza. Ingelia mapema, angekuwa na mechi nzima ya kurekebisha mguu wake, na uwezo alikuwa nao, nilimwona akipatia pale kwenye mapumziko. Badala yake alipimiwa kwa mizani mbili, akaambiwa uzito wake halisi dakika ambayo hawezi tena kuongeza wala kupunguza.

Jioni ile mimi na mwenzangu tulikaa chini ya mwembe tukisubiri gari. Ni mwalimu amenizidi umri, mtu mwema, mtulivu, na nina hakika hakupewa kitu na mtu yeyote.

"Madam," akasema, "hawa ni watoto. Ukipuliza kila mguu, mechi haichezeki. Wamekuja kucheza, hawakuja kufanya mtihani."

Hoja yake ina uzito na sikutaka kuikanyaga. Nimewahi kutazama mechi ya watoto iliyopulizwa mpaka ikafa. Mpira unatembea mita 2, filimbi, mita 3, filimbi, watoto wamepoa, wazazi wanaondoka. Na kanuni yenyewe inampa refa ruhusa ya kuacha mchezo uendelee pale ambapo kusimamisha kungemuumiza yule ambaye hakukosea. Refa asiyetumia ruhusa hiyo hajui kazi.

Lakini nikamuuliza, "Mwalimu, na yule beki, yule GD, je?"

Kwa maana mjadala wote, wa bodaboda, wa muuza karanga, wa mwenzangu, ulikuwa juu ya mtoto mwenye mpira. Hakuna aliyemkumbuka aliyekuwa anamkaba. Beki wa netiboli lazima akae mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira, na umbali huo unapimwa kutoka kwenye mguu wa kutua wa mwenye mpira mpaka mguu wa beki ulio karibu. Yule GD alikuwa mtoto mfupi mwenye nidhamu ya ajabu. Anadakiwa mpira mbele yake, anarudi nyuma, anahesabu umbali kwa jicho, ndipo anainua mikono. Sasa mwenye mpira akivuta mguu wa kutua nusu futi kuelekea kwake, na refa asione au ajifanye hakuona, ile mita 0.9 imeliwa. Beki hajasogea hata kidole, lakini ukitazama picha ilivyo sasa, yeye ndiye aliye karibu mno. Robo ya tatu jambo hilo lilitokea mbele ya mwenzangu. Akampulizia GD kosa la kuzuia. Ikawa pasi ya adhabu, mtoto wa watu akasimamishwa pembeni mwa mfungaji mikono chini, na GA akatupia goli bila wa kumzuia.

Mwenzangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hilo sikuliona." Hakusema zaidi, na gari likaja. Lakini huruma ya refa ndivyo inavyofanya kazi: inamwendea anayeonekana, mwenye mpira, mwenye jina linaloitwa na mashabiki, na gharama yake analipa mtoto aliyejifunza kanuni na kuifuata kimya kimya. Sijawahi kusikia mtu akipaza sauti uwanjani kumtetea beki aliyerudi nyuma kama alivyofundishwa.

Nilidhani shida hii ni ya kwetu, ya viwanja vya vumbi na waamuzi wa kujitolea. Kumbe sivyo. Sekondari ya jirani ilikuwa na mwalimu wa kujitolea, dada kutoka Marekani, aliyekulia kwenye mchezo wa softiboli, na tulikuwa tukikutana sokoni Jumamosi tunapiga soga. Kule mrushaji anarusha mpira kwa mkono wa chini, akiwa ameanzia kwenye kibao kilichowekwa ardhini, na kwa watoto wa umri wa shule ya msingi mpigaji anakuwa umbali wa mita 12 hivi. Mguu wa nyuma, ule wa kujisukumia, kwa kanuni alizochezea yeye ulitakiwa uburuzwe chini wakati mkono unazunguka. Ukiinuka, ukatua tena mbele na kusukuma mara ya pili, huo ni urushaji haramu, kwa kuwa umemsogelea mpigaji na umepata nguvu usiyostahili. Refa akitangaza kosa, mpigaji anaandikiwa mpira mmoja mbaya kwa faida yake. Tulicheka sana hapo: kwao kuburuza mguu ndiyo halali, kwetu kuburuza ndiyo kosa!

Lakini kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Aliniambia alirusha msimu mzima akiwa na kile kiruko bila refa yeyote kumgusa, na kocha wake alikijua. Walipofika kwenye mashindano makubwa, refa mgeni akamtangazia kosa mfululizo mpaka akatolewa katikati ya uwanja analia, mbele ya wazazi wake. "Hakuna aliyekuwa ameniambia," alisema, na kwa jinsi alivyolisema niliona kwamba miaka yote hiyo haijalipoza. Hakuwa na kinyongo na yule refa wa mwisho. Kinyongo chake kilikuwa kwa wale wa mwanzo waliomtabasamia.

Ndipo nikabadili namna ninavyoanza mechi. Sikuzote nilikuwa nawahi uwanjani kukagua nguzo na ringi, maana mafundi wetu wa kuchomelea wana vipimo vyao, na nimekuta goli lililopungukiwa na ile mita 3.05 kiasi cha kuonekana kwa macho. Siku hizi nawahi kwa ajili ya mwenzangu. Tunatafuta kivuli, namuuliza: leo hatua tunapuliza ipi? Ukivutwa kidogo akiwa hana presha, tunaacha? Na akiwa ndani ya duara? Tunaelewana kwa maneno, si kwa kudhani. Wengine wanaona ni madharau, hasa wanaume walionizidi umri, wanasema kanuni si imeandikwa, tunajadili nini? Nawajibu kwamba kanuni imeandikwa, ila macho yetu hayajaandikwa. Kitu tunachokubaliana ndicho tunachokifuata mwanzo mpaka mwisho, nusu yake na nusu yangu, hata kama mimi ningependa kikali zaidi. Bora wote wawili tulegeze kwa kiwango kimoja kuliko mimi niwe mkali na yeye mpole.

Kisha naita timu zote mbili, wachezaji 14, na makocha wao wakitaka. Nachukua mpira, mmoja ananirushia, natua. "Huu ni mguu gani?" Wanajibu kwa pamoja. Nauvuta. "Hii ni nini?" Wanajibu, wanacheka kwa jinsi madam anavyorukaruka na sketi yake. Haichukui muda. Na mechi ikianza, zile dakika za mwanzo napuliza hatua zote zilizo wazi bila huruma, nikitaja kosa kwa sauti na kuonyesha kwa mkono, "Hatua, pasi huru," ili hata aliye mbali asikie. Makocha wananung'unika. Watoto wanajirekebisha haraka kuliko watu wazima wanavyoamini, wengi kabla robo ya kwanza haijaisha. Baada ya hapo filimbi yenyewe inapungua, na robo ya nne ikifika hakuna anayeshtuka nikipuliza, kwa sababu ndilo kosa lilelile la asubuhi.

Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na yale ya sekondari, UMISSETA, yalipofanyika Tabora mjini nilienda kutazama, na muda mwingi sikuangalia wachezaji, niliangalia waamuzi. Nilichokichukua pale ni kukimbia. Mimi nilikuwa nasimama karibu na katikati ya nusu yangu nikigeuza shingo. Wale walikuwa wanakwenda na mchezo kando ya mstari, mpira ukiingia duarani wao wameshafika nyuma ya mstari wa goli, na kutoka pale mguu wa mfungaji unauona bila beki kukuziba. Nusu ya malalamiko ya upendeleo, nakwambia, ni refa aliyekuwa amesimama mahali pabaya.

Na habari ya chakula isipite hivihivi. Shule mwenyeji inapika, refa anaitwa ofisini, anawekewa wali na kuku na soda baridi saa moja kabla ya mechi, wakati timu ngeni iko chini ya mti na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, waliyotoka nayo nyumbani. Hakuna aliyesema neno la rushwa na pengine hakuna aliyelifikiria, ni ukarimu wetu tu. Lakini mtoto wa timu ngeni ameniona nikitoka ofisini nafuta midomo. Mimi siku hizi naomba chakula changu kikae mpaka mechi iishe. Mara ya kwanza mwalimu mkuu mmoja alinuna kweli kweli, nikamwambia, "Mkuu, nikishiba sikimbii." Akacheka, yakaisha.

Wale wajanja niliosema ni wa aina mbili. Kuna wanaoleta mamluki, binti wa sekondari anavalishwa sketi ya darasa la saba, lakini hilo lina watu wake wa kulishughulikia. Wanaonihusu mimi ni makocha wanaojua kabisa kwamba mfungaji wao anavuta mguu, na wanamwambia avute mpaka apulizwe. Wakimkuta refa mpole wamepata goli, wakimkuta mkali wanapiga kelele za uonevu. Kwa makocha hao mtoto ni ngazi. Yuko mmoja nilimwambia waziwazi, mbele ya wenzake, kwamba akimfundisha vizuri mfungaji wake mwezi wa nne, mwezi wa sita hatanihitaji mimi nimwonee huruma. Hakupenda, na mpaka leo salamu yetu ni ya mbali.

Wengine wamelipokea. Kuna mwalimu wa shule ya jirani anawaleta mabinti zake kwangu jioni kabla ya msimu kuanza, tunachora duara kwa fimbo, tunafanya kutua tu, bila goli. Wakichoka nawawekea kwenye simu vipande vya mechi za Kombe la Dunia la mwaka 2023, lile la Cape Town, la kwanza kuchezwa Afrika. Wanampenda Mwai Kumwenda wa Malawi kwa sababu ni mrefu na anadaka mipira ya juu kabisa. Mimi nawaambia wafunike nusu ya juu ya kioo kwa kiganja waangalie chini tu. Mwanzoni waliona madam amechanganyikiwa. Siku hizi wanabishana wenyewe, "rudisha nyuma, kavuta huyo," "hajavuta, kazungusha," na mara nyingine wanakuwa sahihi kuliko mimi, maana macho yao ni mapya.

Yule GA sasa yuko sekondari. Aliniona stendi, akanisalimia vizuri, akaniambia amehamia kucheza senta. Sikumuuliza sababu na yeye hakusema. Mdogo wake yuko darasa la tano shule ileile ya kando ya reli, na nasikia naye anafunga.

Mechi za kata zinaanza mwezi ujao. Nimepangwa na mwalimu kijana aliyehamia kutoka Kaliua, sijawahi kuchezesha naye. Nimempigia simu nikamwomba tufike mapema tuongee kidogo kabla ya mechi. Akaniuliza, "Kuhusu nini, Madam?" Nikamwambia kuhusu hatua. Akasema, "Ahaa, nimeshaambiwa habari zako." Tumekubaliana saa mbili asubuhi, na nimemwambia aje na raba za kukimbilia, asije na viatu vya ofisini.